Mzee, kata diski lakini usikate mafuta ya breki

MZAZI mmoja anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia barua ya kurasa tatu kuhusu mwanawe wa kiume aliye mwaka wa tatu katika chuo kikuu. Kijana huyo, kwa pesa alizodunduliza akitengeneza kompyuta za wenzake, alijinunulia pikipiki aina ya Kawasaki Ninja 300 iliyokwisha kutumika. Siku hizi amejiunga na kikundi cha vijana ambao hukodi uwanja wa lami mara moja moja na kwenda kukimbiza pikipiki zao huko, mbali na barabara ya umma.

Hadi hapo mzee hana ugomvi. Anasema ni heri mwanawe akimbie mahali pasipo na matatu wala watoto wa shule kuliko kukimbia Thika Road saa tano za usiku. Kilichomkosesha usingizi ni karatasi aliyowekewa mezani baada ya chakula cha jioni. Humo kijana alikuwa ameorodhesha vifaa vya breki anavyotaka asaidiwe kununua: kalipa mpya kutoka Italia, diski kubwa zaidi, masta silinda ya mashindano, paipu zilizofumwa kwa waya, pedi za mbio na mafuta mapya ya breki. Jumla ya hesabu ilipita karo ya mwaka mzima ya dadake aliye katika shule ya bweni.

Mama mtu amekwisha kutoa hukumu: hata ndururu haitoki. Baba naye amebaki katikati, na ndiposa akachukua kalamu. Anauliza mambo mawili. Je, vitu hivi ni vya lazima ama ni urembo wa vijana? Na akikataa kutoa pesa, si atakuwa amemwachia mwanawe aende uwanjani na breki za kumuua?

Mzee wangu, maswali yako yote mawili ni ya haki, na jibu lake limo katika karatasi hiyo hiyo. Vitu vingi vilivyoandikwa humo vinaweza kungoja, na vingine havihitajiki kabisa. Lakini viko viwili vitatu ambavyo havingoji hata siku moja, na kwa bahati njema ndivyo vya bei nafuu kuliko vyote. Inaelekea kijana aliandika orodha yake akianza na vile vinavyong'aa.

Tuanzie jikoni. Breki, ziwe za lori au za pikipiki, hazina kazi nyingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Ninja 300 ikiwa na mafuta ina uzito wa kilo 172 hivi. Mpandishe kijana mwenye helmeti, viatu na nguo za ngozi, na jumla itakaribia kilo 250. Uzito huo ukienda kwa kilomita 50 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 24. Ukienda kwa kilomita 100, watu wengi hudhani nishati huongezeka maradufu. La, huongezeka mara nne, zikawa kilojuli 96. Hapo ndipo wengi hukosea, hata walio na leseni za miaka mingi.

Sasa chukua sufuria yenye lita moja ya maji ya nyuzi 20. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wa jiji letu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 wala si 100 kama yachemkavyo Mombasa. Kuyafikisha hapo kunahitaji kilojuli 310 hivi. Kwa maneno mengine, nishati ya kuisimamisha pikipiki hiyo mara tatu na kidogo kutoka kilomita 100 kwa saa inatosha kuchemsha maji ya chai ya watu wanne.

Ila diski ya breki si sufuria ya maji. Ni sahani nyembamba ya chuma ambayo uzito wake haufiki kilo mbili, na chuma hupata moto mara tisa upesi kuliko maji ya uzito ule ule. Ni kweli upepo, injini na breki ya nyuma husaidia kidogo, lakini sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski ya mbele, na Ninja 300 ina moja tu.

Mjini jambo hili halionekani. Kijana akitoka Umoja kwenda chuoni, atabana breki kwenye mzunguko, atangoja nyuma ya basi, atatembea pole pole hadi taa nyingine, na wakati huo wote diski inapoa. Uwanjani hakuna basi. Anatoka kwenye mstari ulionyooka kwa kilomita 140, anabana mpaka 60 ili apate kona, na katika sekunde hizo chache ametoa kilojuli 154, yaani mara moja na nusu zaidi ya kusimama kabisa kutoka 100. Kabla diski haijapoa anafika kona ya pili, kisha ya tatu, na mzunguko unaanza upya. Atafanya hivyo kwa dakika 15 au 20 bila kupumzika.

Ndiyo maana breki zilizomtumikia vyema mwaka mzima barabarani zinaweza kumtoroka kabla ya robo saa kwisha. Si kwamba zimekuwa mbovu. Zimepewa kazi ambayo hazikuandaliwa.

Zikitoroka, hutoroka kwa njia mbili, na ningependa kijana azijue kama anavyojua jina lake. Njia ya kwanza, mkono wa breki unabaki mgumu kama kawaida, anabana kwa nguvu zake zote, lakini pikipiki haipunguzi mwendo. Hizo ni pedi: zimepita kiwango cha joto zinachoweza kustahimili na zimeanza kuteleza juu ya diski. Njia ya pili, mkono wa breki unalegea, unakuwa kama sponji, na mwishowe unagusa usukani bila chochote kutendeka. Hayo ni mafuta: yamechemka.

Ya pili ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwani haibishi hodi. Mafuta ya breki husukuma pistoni kwa sababu kitu cha majimaji hakibonyei. Yakichemka hutoa viputo vya mvuke, na mvuke hubonyea. Nguvu yote ya vidole vya kijana inaishia kuminya viputo badala ya kusukuma pedi. Kona iliyopita alikuwa na breki, kona hii hana.

Mafuta hayo yana madaraja yaliyoandikwa kwenye chupa. DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205, DOT 4 kabla ya nyuzi 230, na DOT 5.1 kabla ya nyuzi 260. Mtu akisoma hapo husema basi, joto lote hilo litatoka wapi? Tatizo ni kwamba mafuta ya aina hizi tatu hufyonza unyevu kutoka hewani, polepole, kupitia kwenye mipira na vifuniko, hata pikipiki ikiwa imeegeshwa nyumbani. Yakishafyonza maji ya kiasi cha asilimia 3.7, viwango vya chini hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3, 155 kwa DOT 4 na 180 kwa DOT 5.1.

Pikipiki ya mkono wa pili aghalabu huuzwa na mafuta ya breki ya mwenye nyumba wa kwanza. Mwulize mwanao, mzee wangu, mafuta yaliyomo sasa yalitiwa lini. Akikosa jibu, hapo ndipo pesa zako za kwanza zitakapokwenda. Kwenye masta silinda pana kidirisha kidogo. Mafuta mapya ni meupe au ya manjano hafifu kama mafuta ya kupikia. Ukiona rangi ya chai ya rangi au ya kahawa, hayo yamekwisha zamani. Lakini hata yakionekana safi, kama hayana umri unaojulikana, yamwagwe.

Kwa mwanafunzi anayeanza, DOT 4 nzuri iliyo mbichi inatosha, au DOT 5.1. Yapo pia mafuta ya mbio ambayo yakiwa makavu hayachemki hata yakipita nyuzi 300, lakini hayo yanataka kubadilishwa mara kwa mara kuliko ratiba ya mwanafunzi inavyoruhusu. Ajihadhari na DOT 5 isiyo na nukta moja. Hiyo ni ya silikoni, ni kitu tofauti kabisa, na haichanganywi na hizi nyingine hata tone. Kisha anunue chupa ndogo iliyofungwa kwa lakiri. Chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni miezi sita imekwisha kunywa unyevu wake, na fundi anayekumiminia mabaki ya chupa hiyo kwa bei nafuu hakupunguzii chochote.

Kitu cha pili ni pedi. Pedi za kawaida za barabarani hutengenezwa kwa nyuzinyuzi na gundi ngumu. Zina upole, hazipigi kelele, hazili diski, lakini joto likizidi gundi hulegea na uso wa pedi hung'aa kama kioo. Ziko nyingine ambazo ni unga wa metali ulioshindiliwa kwa joto kali hadi ukashikana. Hizi hustahimili joto zaidi, hushika hata kwenye mvua, na kwa kijana wa kiwango hiki ndizo ningemshauri azitafute.

Mgongoni mwa pedi nyingi pana herufi mbili. Ya kwanza huonyesha jinsi pedi inavyoshika ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. Mpangilio unakwenda E, F, G na H, na H ndiyo inayoshika zaidi. Kwa hiyo pedi iliyoandikwa HH inashika sana katika hali zote mbili. Asiyejua herufi hizi huuziwa chochote. Mji wetu una vipuri bandia tele, kwa hiyo anunue kwa mtu ambaye anaweza kumrudia kesho yake, na asikubali pedi isiyo na alama yoyote hata ikiwa imo katika pakiti yenye rangi za kupendeza.

Halafu kuna pedi za mbio hasa, zile alizoandika kijana kwenye karatasi. Hapa nakataa waziwazi. Pedi hizo hutaka ziwe na moto ndipo zishike. Bingwa huzipasha kwa mizunguko miwili kabla ya kuzitegemea. Kijana wako atazifunga kwa ajili ya Jumamosi moja ya uwanjani, kisha Jumatatu asubuhi, kwenye baridi ya Julai, mtoto atamkatizia njia karibu na soko naye atabana pedi ambazo bado zimelala. Anayeendesha pikipiki moja uwanjani na barabarani hana haja nazo, labda awe na uhakika kuwa atazibadilisha kila mara. Nami nimewaona wanafunzi, sina uhakika huo.

Jambo hili la joto linawapata hata walio kileleni. Tarehe 23 Agosti mwaka wa 2020, katika mashindano ya MotoGP kwenye uwanja wa Red Bull Ring kule Austria, Mhispania Maverick Viñales alikuwa akiendesha Yamaha alipokuwa akielekea kona ya kwanza kwa mwendo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Alibana breki, hakupata kitu. Aliachilia usukani akajitupa chini, akateleza juu ya lami, na pikipiki ikaenda peke yake ikajipigiza kwenye kingo zilizojazwa upepo na kushika moto. Mashindano yalisimamishwa. Yeye aliinuka akatembea.

Baadaye ilielezwa kuwa breki zake zilikuwa zimeanza kumsumbua kwa joto tangu mizunguko ya awali. Kampuni ya Brembo ilikuwa imetoa kalipa mpya za mwaka huo zenye uwezo mkubwa zaidi wa kupoa, lakini Viñales alichagua kubaki na zile za zamani alizozizoea mkononi. Uwanja ule una sehemu nyingi za kubana breki kwa nguvu baada ya mistari mirefu, na ni miongoni mwa viwanja vinavyotesa breki kuliko vyote. Pikipiki za daraja hilo, zaidi ya hayo, hutumia diski za kaboni ambazo hazishiki vizuri kabla ya kupata mamia ya nyuzi za joto. Ndizo hizo ambazo vijana huziona kwenye televisheni zikiwaka wekundu gizani, nao hutamani.

Turudi Umoja. Kitu cha tatu ni paipu. Zile zilizokuja na pikipiki ni za mpira, na mpira ukizeeka huvimba kidogo kila breki inapobanwa. Huwezi kuliona kwa macho lakini vidole hulihisi: mkono wa breki unakwenda mbali kabla ya kushika. Paipu zilizofumwa kwa waya wa chuma nje na plastiki ngumu ndani hazivimbi. Haziongezi nguvu ya breki kama watu wanavyodai. Zinachofanya ni kumpa mwendeshaji hisia ile ile kona ya kwanza na kona ya mwisho, na hilo ni jambo kubwa kwa anayejifunza. Kama paipu za sasa zimepasuka pasuka au zimepita miaka mingi, abadilishe. Kama ni nzima, azisubirishe hadi apate pesa zake mwenyewe.

Na masta silinda ya mashindano? Hapa kijana apewe zoezi la nyumbani. Anunue sindano mbili za plastiki kwenye duka la dawa, moja nene na moja nyembamba, bila ncha. Azijaze maji, aziunganishe kwa mpira mdogo, kisha asukume moja huku dadake akizuia nyingine. Akisukuma nyembamba, ataishinda nene kwa urahisi ila atasukuma mwendo mrefu. Akisukuma nene, atatoka jasho. Hiyo ndiyo kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal, ambayo alifundishwa kwenye fizikia ya shule ya upili na yamkini aliisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Sasa mathalani atoe masta silinda yenye pistoni ya milimita 14 na kuweka ya milimita 16 kwa kuwa ni kubwa na ina jina. Eneo la pistoni linapanda kutoka milimita mraba 154 hadi 201. Kwa nguvu zile zile za vidole, msukumo wa mafuta unapungua kwa karibu robo. Mkono wa breki utakuwa mgumu na mfupi, naye atawaambia wenzake kuwa breki sasa ni kali, ilhali zimekuwa dhaifu. Kipimo cha masta silinda huoanishwa na kipimo cha pistoni za kalipa. Asiyejua kufanya hesabu hiyo aiache iliyowekwa na kiwanda.

Kuhusu kalipa za Italia na diski kubwa, sina ubishi kwamba ni vitu vizuri. Diski pana humpa breki wenzo mrefu wa kuzuia gurudumu, na chuma kingi hubeba joto jingi. Lakini tairi la mbele lina kikomo chake. Diski ya Ninja 300 ina kipenyo cha milimita 290, na breki hiyo ikiwa nzima na pedi nzuri, inaweza kulifikisha tairi kwenye kikomo hicho bila shida. Ukipita hapo, tairi hulia na kuteleza, au gurudumu la nyuma huinuka. Breki yenye nguvu maradufu haitaisimamisha pikipiki mapema zaidi. Anachohitaji kijana uwanjani ni breki ambayo mzunguko wa kumi itakuwa kama ilivyokuwa mzunguko wa kwanza, na hiyo huletwa na mafuta na pedi.

Diski yake ya sasa ipimwe tu. Kwenye chuma chenyewe pameandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ikiwa chini ya hapo, itupwe bila majadiliano. Na ikiwa pikipiki ni ile yenye mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge, yaani ABS, mtu yeyote asimshawishi auondoe eti mabingwa hawautumii.

Niseme neno kuhusu mguu. Wengi wetu tulifundishwa mitaani kwamba breki ya mbele hupindua mtu, hivyo tubane ya nyuma tu. Nenda steji yoyote ya bodaboda utasikia hivyo. Ukweli ni kwamba pikipiki ikibanwa breki, uzito wote hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi, halina la kushika. Kazi kubwa hufanywa na breki ya mbele. Inayoangusha mtu ni kuinyakua kwa ghafla, au kuibana huku pikipiki imelala kwenye kona. Siku moja na mwalimu uwanjani, akimzoeza kubana kwa kuongeza nguvu polepole kisha kuachilia kabla ya kulala, itamfaa kuliko kalipa yoyote. Ada ya mwalimu haikuandikwa kwenye karatasi ile. Ningekuwa wewe ningeiandika mimi.

Sasa kazi ya kufunga. Naheshimu mafundi wetu wa jua kali, wengi wao wana mikono ya ajabu. Hata hivyo bodaboda nyingi wanazozitengeneza hutumia breki za ngoma zinazovutwa kwa waya au chuma, na breki za mafuta zina adabu yake. Fundi aoshe mikono, asiguse uso wa pedi kwa vidole vyenye grisi. Akitoa hewa, aongeze mafuta kwenye masta kila mara yasikauke, kwani yakikauka hewa huingia upya na kazi huanza mwanzo. Mafuta yakidondokea tangi ayaoshe mara moja kwa maji, maana hula rangi. Parafujo za kalipa zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa kukisia.

Pedi mpya nazo zizoezwe kabla ya kuaminiwa. Aende mahali patupu, akimbie hadi 60, abane hadi 20 bila kusimama kabisa, aachilie zipoe, arudie mara kadhaa huku akiongeza nguvu kidogo kidogo. Akizipeleka uwanjani siku ile ile zilipofungwa, atazichoma uso na kuzilaumu bure.

Mzee, kuna jaribio ambalo wewe mwenyewe unaweza kulifanya hapo uani bila kujua lolote kuhusu pikipiki. Bana mkono wa breki ya mbele, ushikilie kwa nguvu ukihesabu hadi thelathini. Kama unazama polepole kuelekea usukani, kuna mahali panapovuja, na pikipiki haitoki langoni. Mwite mama naye aubane. Nadhani ugomvi wa nyumba hiyo utapungua kidogo akijua kuwa mwanawe hatoki kabla yeye hajatia mkono.

Basi kwenye karatasi ile kata kalipa, diski na masta silinda. Acha mafuta, tena uyalipie leo. Acha pedi, lakini za aina niliyoeleza. Paipu ziamuliwe na hali yake. Zitakazobaki, na zitabaki nyingi, zinunue nguo ya ngozi, glavu na viatu virefu ikiwa hana, na zilipe mwalimu. Pia mwulize kikundi chao huwa na gari la wagonjwa uwanjani siku hizo. Wasipokuwa nalo, hapo simama upande wa mama.

Jambo la mwisho ni dogo na limewaangusha watu wazima. Ili pedi mpya ziingie, fundi husukuma pistoni za kalipa zirudi nyuma. Baada ya hapo kuna nafasi kati ya pedi na diski, na mbano wa kwanza wa mkono wa breki hauleti chochote, unakwenda moja kwa moja hadi usukani. Mtu akitoka gereji bila kujua, hugundua hilo kwenye lango la kwanza au kwenye mgongo wa matatu. Kijana abane na kuachilia mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama, mpaka mkono urudi kuwa mgumu, ndipo awashe injini. Afanye hivyo kila pedi zinapoguswa, uwanjani na nyumbani, hata kama aliyezifunga ni yeye mwenyewe.